Wazee Walioitwa Kazini



Tunapowatembelea wazee, kwa desturi tunawachukulia sabuni, sukari na maneno ya faraja. Ni jambo jema. Lakini iko historia inayotufundisha kwamba mzee ana haja nyingine isiyoingia katika kikapu: haja ya kuhitajiwa na wengine.

Linda Fried alikuwa daktari wa wazee mjini Baltimore, nchini Marekani. Aliwaona wagonjwa ambao dawa peke yake haikuwatosha, kwa kuwa walikosa sababu ya kuamka asubuhi. Papo hapo, shule za msingi za serikali zilikuwa na watoto wengi waliochelewa kujua kusoma. Fried na Marc Freedman, mtetezi wa utumishi wa wazee, wakaona kwamba haja hizo mbili zaweza kukutana. Ndivyo ulivyozaliwa mpango wa Experience Corps, ulioanza kwa majaribio mwaka 1995 katika miji mitano ya nchi ile.

Wazee hao hawakuketishwa shuleni kama wageni. Walifundishwa kwanza, kisha wakatumwa kwa vikundi. Kwa saa 15 kila juma waliwasomesha watoto wadogo, walisaidia katika maktaba, na waliwafundisha kumaliza ugomvi pasipo kupigana. Walipokea fedha kidogo ya kugharimia utumishi wao, wala haukuwa mshahara.

Je, mzee mwenyewe alipata nini? Huko Baltimore watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watu 128, wenye umri wa miaka 60 hadi 86: wengine waanze kutumika, wengine wangoje kwanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Waliotumika waliushughulisha mwili na akili zaidi, na waliongeza idadi ya watu wanaoweza kuwakimbilia wakati wa shida. Hata kasi ya mwendo wao ilipungua kidogo kuliko ya wale waliongoja.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila kazi humponya mzee. Kwetu bibi wengi wanalima na kulea wajukuu. Kuwaongezea mzigo si kuwaheshimu. Wazee wa Baltimore walichagua wenyewe, walikuwa na kipimo cha saa, na walikuwa na wenzao. Utumishi unaojenga afya ni ule unaompa mtu nafasi miongoni mwa watu pasipo kummaliza nguvu.

Basi, safari ijayo, pamoja na sabuni na sukari, tuchukue pia ombi. Tumwombe mzee awasikilize watoto wakisoma, atufundishe kusuka mkeka, au atusimulie jinsi mtaa wetu ulivyoanza. Akikubali, tupange siku na saa pamoja naye. Na siku hiyo tufike, kwa maana atakuwa ameamka mapema akitungoja.