Umechomoa waya, lakini umeme bado upo: Wanachopaswa kujua wanaochezea volti kubwa

Tuseme televisheni ya chogo imechomolewa ukutani tangu jioni. Asubuhi fundi wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, anaifungua nyuma na kuingiza mkono kwenye kile kikombe cha mpira kilichobandikwa kwenye kioo. Kabla hajakigusa vizuri, mkono unaruka wenyewe, kiwiko kinagonga meza na bisibisi inaangukia kwenye sakiti.

Umeme wa TANESCO haukuwepo pale. Uliompiga ni ule uliobaki ndani.

Kioo cha televisheni ya chogo hutunza chaji kama kapasita. Ikiwa inawaka, hapo kwenye kikombe kuna volti 20,000 hadi 25,000 hivi. Ukichomoa waya, chaji inaweza kukaa kwa saa nyingi, wakati mwingine siku kadhaa. Mara nyingi pigo lake lenyewe haliui. Linaloumiza ni mrusho: unaangukia chuma, unapasua kioo au unadondoka kwenye stuli.

Kwa wanaopenda kuunda vitu vya umeme, hili ndilo la kwanza kujua. Swichi iliyozimwa haimaanishi kwamba kifaa ni salama.

Wanaojifunza kwa mikono

Nyanda za Juu Kusini hazikosi watu wa aina hii. Mwaka 2020 jina la John Fute, maarufu Mzee Pwagu, lilivuma nchi nzima kwa sababu ya umeme wa maji aliokuwa akiuzalisha kwa mitambo ya kujitengenezea huko Njombe, mkoa uliokuwa sehemu ya Iringa hadi 2012. Ukivuka mpaka wa Kasumulu kwenda Malawi, William Kamkwamba alikuwa na miaka 14 tu alipounda kinu cha upepo kijijini Wimbe kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu.

Hao ndio waliosikika. Wapo wengi wasiosikika, kuanzia Uyole hadi Ipogolo: anayesuka transfoma ya mashine ya kuchomelea, anayeunda ampifaya ya sabufa, anayebadilisha betri ya gari kuwa umeme wa nyumbani, na mwanafunzi aliyeona cheche ndefu za zambarau YouTube na sasa anatafuta maikrowevu mbovu kwa wauza vyuma chakavu.

Vifaa wanavipata kirahisi. Wanachokosa ni maabara, na mtu wa kuwaambia hapo usiguse.

Kinachoua hasa

Mtaani watu wanaogopa volti. Volti ni muhimu kwa sababu ndizo zinazousukuma umeme upite mwilini, lakini madhara yanategemea kiasi kilichopita, njia kilimopita na muda kilichokaa. Kiasi hicho hupimwa kwa miliampea.

Miliampea 1 unaisikia kama kutekenywa. Zikifika 10 hadi 16 hivi za umeme wa kawaida wa nyumbani, misuli ya mkono inakaza na unashindwa kuachia ulichoshika. Hapo ndipo watu wanasema "umeme ulimvuta". Haukumvuta, ni vidole vyake vilivyofunga. Zikipita 30 na kukaa, kupumua kunakuwa shida na moyo unaingia hatarini. Zikikaribia 100 kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuacha kudunda na kubaki unatetemeka tu bila kusukuma damu.

Sasa piga hesabu. Soketi ya nyumbani Tanzania ina volti 230. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata miliampea 230. Kwa hiyo si lazima ufike volti elfu. Soketi ya kawaida inatosha.

Ngozi kavu, viatu vya mpira na sakafu kavu hubadilisha hesabu hiyo kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema amepigwa mara kumi na hajafa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimekolea Mbeya na Iringa, karakana ya sakafu ya udongo na fundi aliyevaa kandambili zilizolowa si mahali pale pale alipopigwa mwezi Septemba akacheka.

Transfoma ya maikrowevu: breka haioni

Kama kuna kifaa kimoja ambacho mtu anayejifunza peke yake angepaswa kukiacha, ni hiki. Transfoma ya maikrowevu inachukua volti 230 na kutoa takriban 2,000. Tofauti na televisheni ya chogo, hii ina nguvu ya kuendelea kusukuma umeme mwingi mwilini, mara nyingi zaidi ya kiwango kinachosimamisha moyo. Pembeni yake kuna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Mara nyingi kapasita hiyo ina kipingamizi kidogo ndani cha kuimaliza chaji polepole, ila kikishakufa hakuna taa inayokuambia.

Wengi wanajipa moyo kwamba breka itakata. Haitakata. Breka ya kawaida imewekwa kulinda nyaya zisiungue, na inasubiri ampea nyingi. Kile kifaa kingine kinachokata umeme ukivuja miliampea 30 huokoa maisha kweli, lakini kinaangalia umeme unaotoka na kurudi upande wa ukutani. Upande wa pili wa transfoma ni mzunguko mwingine. Mtu anaweza kuwa anakufa pale huku kifaa kikiona kila kitu kiko sawa.

Transfoma hizi ndizo zinazotumika kwenye mchezo uliosambaa mitandaoni wa kuchoma mbao kwa umeme ili zitoe michoro kama mizizi ya mti. Michoro inapendeza, hilo halina ubishi. Nchini Marekani zaidi ya watu 30 wameripotiwa kufa kwa mchezo huo, na chama cha wachonga mbao, American Association of Woodturners, kimeupiga marufuku kwenye shughuli zake. Kwa mkoa wenye msitu wa Sao Hill, ambako ukifika Mafinga mbao za paini ziko kila kona, ni rahisi mtu kushawishika kujaribu. Video hazionyeshi kwamba ile mbao inamwagiwa maji yenye chumvi au magadi, maji hayo yanachuruzika mezani, na aliyeshika nyaya amesimama hapo hapo.

Betri, jenereta na vinu vya maji

Betri ya volti 12 haikupigi shoti kwa mkono mkavu. Lakini inveta iliyounganishwa nayo inatoa volti 230 zile zile za ukutani. Hata kama imetengenezwa kwenye boksi la viatu, itende kama soketi.

Kosa kubwa zaidi ni kuchomeka jenereta au inveta moja kwa moja kwenye soketi ya nyumba umeme ukikatika. Usipotenganisha nyumba na laini ya TANESCO, umeme wako unarudi kinyume hadi kwenye transfoma ya mtaa, ambayo inaupandisha. Volti 230 zako zinaweza kutokea juu ya nguzo zikiwa maelfu, na fundi aliyepanda kurekebisha anajua laini imezimwa. Swichi ya kubadilishia, ile inayokubali upande mmoja tu kwa wakati, ndiyo dawa yake.

Wanaounda vinu vya maji vijitoni wana mtego wao. Usiku watu wakizima taa mzigo unapungua, kinu kinazunguka kwa kasi na volti zinapanda. Balbu zinapasuka, chaja zinaungua, na waya uliozoea kuushika kwa plastiki dhaifu unakuwa kitu kingine. Mitambo iliyofanywa vizuri huwa na mzigo wa akiba, mara nyingi vipasha maji, unaomeza umeme usiotumika.

Na kuna nyaya za nje. Njia nyingi zinazopeleka umeme vijijini ni za kilovolti 33, yaani volti 33,000, na nyaya zake hazina plastiki. Si lazima uziguse. Ukisogeza chuma karibu mno, umeme unaruka. Kabla ya kusimamisha mlingoti wa antena, tazama juu, kisha fikiria mlingoti huo utaangukia wapi ukiponyoka.

Mazoea ya waliodumu kwenye kazi

Mafundi waliozeeka kwenye volti kubwa wana tabia zinazofanana, na nyingi hazihitaji hela.

Hawafanyi kazi peke yao. Mtu wa pili si lazima awe fundi, mradi anajua swichi kuu iko wapi na ameambiwa asimguse mwenzake kabla ya kuizima.

Wanatumia mkono mmoja, mwingine uko mfukoni au nyuma. Umeme unaoingia mkono wa kulia na kutokea wa kushoto unapita kifuani, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Pete, saa na cheni vinavuliwa.

Kapasita na kioo cha chogo wanavimaliza chaji kwanza, kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme kilichounganishwa kwenye chuma cha chasisi, tena kupitia kipingamizi badala ya bisibisi tupu inayotoa mlipuko. Kisha wanarudia, kwa sababu kapasita ikiachwa dakika kadhaa inaweza kujijaza kidogo yenyewe. Kama hujawahi kuonyeshwa na mtu anayejua, hii si ya kujifunzia kwenye simu.

Hawaiamini testa peke yake. Ile ya bisibisi yenye kataa inategemea umeme kidogo upite mwilini mwako. Juani huioni vizuri, ukisimama juu ya mbao kavu inaweza isiwake, na chaji iliyolala kwenye kapasita inaweza isikuambie kitu. Mita nayo ina mwisho wake. Mita ya bei rahisi iliyoandikwa volti 750 ukiibandika kwenye volti 2,000 inaweza kupasukia mkononi.

Anayetaka kuvuka kutoka kubahatisha kwenda kwenye ufundi ana njia. VETA ina vyuo Mbeya na Iringa vinavyofundisha umeme, na Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Ukishaanza kuwafungia watu umeme majumbani, sheria inakutaka uwe na leseni ya EWURA, nayo hutolewa kwa madaraja.

Mtu akishapigwa

Usimguse. Hili ni gumu hasa akiwa ndugu yako, lakini ukimshika mtakuwa wawili. Zima swichi kuu. Kama ni umeme wa nyumbani na swichi haifikiki, simama juu ya kitu kikavu na usukume waya kwa mti mkavu.

Mti haufai kwa transfoma ya maikrowevu wala waya wa TANESCO ulioanguka. Transfoma, kata umeme wake ukutani. Waya wa nje, kaa mbali mita 10 au zaidi, zuia watu na piga namba ya dharura ya TANESCO au 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Ardhi inayouzunguka inaweza kuwa na umeme, hivyo kama tayari uko karibu, ondoka kwa hatua fupi sana za kuburuza miguu iliyobanana.

Umeme ukishakatwa, mtu haubaki naye mwilini. Unaweza kumshika. Maziwa hayautoi, kumfukia mchangani hakuutoi, na vyote vinakula dakika ambazo hana.

Kama haitiki na hapumui vizuri, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache hadi msaada ufike au aanze kupumua. Njia hii yenyewe ina historia na umeme: iliyoitangaza mwaka 1960 ni timu ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyomjumuisha William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme aliyekuwa ametumia miaka mingi kutafuta jinsi ya kuokoa mafundi wa laini waliopigwa shoti.

Sehemu iliyoungua ipoze kwa maji safi ya bomba kwa dakika kama 20, umeme ukiwa umeshakatwa. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia viache jikoni.

Na hata akiamka, akajifuta vumbi na kusema yuko poa, apelekwe hospitali. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo kama kichwa cha kiberiti wakati misuli ya ndani imeiva. Misuli iliyoharibika humwaga vitu vinavyoweza kuziba figo, na moja ya dalili ni mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi. Mapigo ya moyo nayo yanatakiwa kupimwa kwa mashine. Ukifika mapokezi sema wazi kwamba ni umeme, ulikuwa wa nini na uliingilia wapi. Vijana wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa nyumbani, daktari anatibu alama ya kuungua kidoleni na mgonjwa anarudishwa.