Ponti ya nyuma: kamio za 1944 na kamio yetu



Wengi mnakumbuka ile kamio yetu ya zamani ilivyolala wiki tatu kando ya njia ya Baraka, imebeba mabati ya familia zilizotoka tu kambini Tanzania. Ponti ya nyuma ilikuwa imekata meno. (Sisi tuliokaa Nyarugusu tunasema difu, huku mafundi wanasema ponti. Ni kitu kimoja.) Nilituma pesa mjini, na kwenye karatasi nikaandika aina ya kamio na mwaka wake, basi. Krauni na pinioni zikaja kwa boti. Mzee fundi wetu akaziangalia, hata dakika mbili hazikuisha: «Mutoto wangu, hizi si za huku. Jina ni moja, ponti ni ingine.» Kosa lilikuwa langu, na mvua ikanyesha juu ya nyumba zisizo na mabati.

Nikatafuta kujua kama sisi ndio wa kwanza kupotea hivyo. Hapana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walitengeneza kamio ya GMC iitwayo CCKW, ya magurudumu sita yote yenye nguvu, zaidi ya 500.000. Mwezi wa nane 1944 majeshi yalikimbia mbele Ufaransa, na reli zilikuwa zimeharibiwa na mabomu. Ndipo ukaanzishwa msafara ulioitwa Red Ball Express, toka tarehe 25 mwezi wa nane mpaka tarehe 16 mwezi wa kumi na moja. Kwa siku zake kubwa ulikuwa na kamio karibu 6.000, usiku na mchana, na madereva wengi wao walikuwa Wamarekani weusi. Vitabu vingi vilikawia kuwataja.

Sasa, kamio hizo zenye jina moja zilikuwa na ponti za namna mbili. Moja ilitoka kwa Timken: sanduku lake ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa buloni katikati, kama nusu mbili za nazi, ndiyo maana waliiita ya kupasuka. Ya pili ilikuwa ya General Motors yenyewe. Hiyo sanduku lake ni kipande kimoja, tumbo la mviringo, kifuniko nyuma. Waliiita banjo, sababu inafanana na kile chombo cha muziki. Kwa fundi tofauti si ndogo. Ya banjo unavuta shafti za magurudumu, unatoa difu kwa mbele, ponti yenyewe inabaki chini ya kamio. Ya kupasuka inabidi ponti nzima ishuke ndipo uifungue. Na meno ya hii hayaingii kwa ile. Mpaka leo Ulaya, wanaotunza GMC za zamani wakitafuta vipuri, swali la kwanza ni hilo: ya kupasuka au banjo?

Basi nasi tuulize. Tazama kwanza umbo la sanduku. Futa matope, tafuta namba zilizochongwa kwenye chuma au kibati kidogo chini ya bulwani moja ya kifuniko. Usiamini kibati cha mlangoni, kwa kamio ya miaka arobaini ponti inaweza kuwa imebadilishwa mara mbili. Kisha hesabu meno: krauni 41 na pinioni 6 maana yake kadani inazunguka karibu mara 6,8 gurudumu likizunguka mara moja. Kama hujafungua, kwa kamio ya ponti moja nyuma, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, weka gia huru, inua gurudumu moja tu la nyuma, lizungushe mara mbili kamili, hesabu kadani. Mara mbili, si moja, sababu lile lingine limesimama chini. Na kama kitovu cha gurudumu ni kinene kama sufuria, humo kuna gia zingine. Meno ya katikati peke yake hayatoshi kukuambia.

Krauni na pinioni zinanunuliwa pamoja, zimesagwa pamoja. Kuweka mpya na ya zamani ni kuzitafuna zote mbili.

Ila ponti yetu haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa maji. Ponti yenye moto ikiingia mtoni, hewa ndani inapoa na kujivuta, na maji yanafuata kupitia sili zilizochoka. Kile kitundu cha kupumulia juu yake kikizibwa na matope ni mbaya zaidi: ikipata moto inasukuma mafuta nje, ikipoa inanyonya maji. Tulipofungua, mafuta yalikuwa meupe kama maziwa. Dereva sasa anasafisha kitundu kila juma, na akivuka mto mrefu anafungua bulwani ya chini kidogo asubuhi yake: maji yanatangulia mafuta kutoka.

Namba za ponti yetu na hesabu ya meno ziko sasa kwenye daftari la komiti, pamoja na picha. Mfadhili anayetaka kutuma vipuri aombe ukurasa huo kwanza.