Mzigo wa Moyo wa Mwuguzi

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tuuonavyo mzigo wa mwuguzi. Sisi tuliopata kulazwa hospitali twakumbuka mikono yake na sauti yake usiku, lakini huzuni yake hatukuiona. Maana mgonjwa akimfia katika kitanda hiki, hana budi kukiendea kitanda cha pili kwa uso mkunjufu. Basi twataka kueleza jinsi mzigo huo ulivyopata kujulikana.

Mwaka 1860 ilifunguliwa shule ya wauguzi ya Florence Nightingale katika hospitali ya St Thomas', London, na tangu hapo uuguzi ukawa kazi ya kusomewa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1960, Bibi Isabel Menzies alitoa habari za hospitali moja kubwa ya mji ule ule, asiitaje jina. Huko karibu theluthi ya wanafunzi wa uuguzi waliondoka kabla ya kumaliza mafunzo. Nao wengi hawakufukuzwa. Waliondoka kwa hiari yao.

Je, walikuwa wavivu? Sivyo. Bibi huyo aliona ya kuwa hospitali ilikuwa imejijengea boma la kuikinga mioyo na huzuni. Kazi ilikatwa vipande vipande, mwanafunzi akawatendea wagonjwa wengi jambo moja, asizoeane na hata mmoja. Tena alihamishwa mara kwa mara. Mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda au kwa ugonjwa wake, wala si kwa jina. Hata wagonjwa waliolala waliamshwa wapewe dawa ya usingizi, kwa kuwa saa yake imefika! Lakini boma lile halikuiondoa huzuni, bali liliiondoa furaha ya kazi, yaani kumwona mtu akiinuka, na kujua ya kuwa mkono wako ulimsaidia. Na katika walioondoka, mara nyingi walikuwamo walio bora.

Huko Marekani, mwaka 1983, wataalamu walitaja hospitali 41 zilizoweza kuwavuta wauguzi na kukaa nao. Siri yake ilikuwa wakuu wenye kusikiliza, wauguzi wa kutosha, na mwuguzi kupewa neno katika kazi yake. Kisha mwaka 2002 Bibi Linda Aiken na wenzake walitoa hesabu za hospitali 168 za Pennsylvania. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa katika mzigo wa mwuguzi, hatari ya mwuguzi kuishiwa na nguvu za moyo ilizidi kwa 23 katika 100, na hatari ya kufa kwa wagonjwa waliopasuliwa ilizidi kwa 7 katika 100.

Basi, ndugu, tusiseme ya kwamba mwuguzi aondokaye amekosa huruma. Pengine huruma anayo, ila amekosa wa kumpokea mzigo. Nasi tulazwapo, tumwulize jina lake, tumwite kwa jina hilo. Na walio wakuu wa hospitali wamsikilize kabla hajafunga mizigo yake, maana akiondoka yeye, mgonjwa ndiye apatwaye na hasara.