Kifaru Kinapokuja, Zamu ni ya Nani?

Mchezo wa PanzerBlitz ulipotoka Marekani mwaka 1970 ulikuwa na kasoro moja ambayo wachezaji waliigundua upesi na kuitumia bila haya. James F. Dunnigan, aliyeubuni kwa ajili ya kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore, alichora uwanja wa vita wa Urusi kwenye ramani yenye vyumba vya pembe sita. Kila chumba kilikuwa mita 250, na kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika sita za mapigano. Vikosi vilikuwa vipande vya kadi. Kanuni moja ilisema aliyejificha msituni hapigwi mpaka adui awe na mtu chumba cha jirani. Nyingine ilisema kila upande hufyatua kwenye zamu yake tu. Ziweke pamoja uone. Kifaru cha Kijerumani aina ya Panther kinatoka msituni, kinakata uwanda mtupu mbele ya mizinga yako, kinazama msitu wa pili, nawe umekaa unakitazama kama mtu anayepitwa na basi. Zamu yako inapofika, hakionekani tena.

Kwa mlinzi hilo lilikuwa balaa. Uwanda ulio wazi mbele ya mizinga, ambao ofisa yeyote angeulipia dhahabu, haukuwa na thamani yoyote. Bao la Kiswahili nalo huchezwa kwa zamu, wala hakuna anayedai kula kete katikati ya mtaji wa mwenzake, lakini bao halijawahi kudai kwamba ni vita vya Urusi. PanzerBlitz ilidai. Mwaka 1974 ndugu yake, Panzer Leader, mchezo wa vita vya magharibi mwa Ulaya, ukaja na dawa: mlinzi aliruhusiwa kufyatua katikati ya zamu ya mshambuliaji, pale kifaru kinapojianika. Kanuni yenyewe haikuwa ndefu, lakini iligeuza mchezo mzima. Uwanda ukawa tena mahali pa kufia.

Naanza na kasoro hiyo kwa sababu, kwa maoni yangu, michezo ya vita hutofautiana hapo zaidi kuliko penginepo pote inapofika kwenye kuzuia vifaru. Wapenzi wa michezo hii hubishana usiku kucha juu ya unene wa chuma na kipenyo cha mizinga. Mimi huuliza kwanza: ile sekunde ya kufyatua iko mikononi mwa nani? Wamarekani wa ramani na dadu, Wajapani wa vifaa vya mkononi, na Waukraine wa kompyuta wamelijibu swali hilo kila mmoja kivyake, na majibu yao hayafanani hata kidogo.

Katika vita vyenyewe, kule Kursk nchini Urusi, sekunde hiyo ilitafutwa kwa udi na uvumba. Wajerumani walipoanza mashambulizi tarehe 5 Julai 1943, Warusi walikuwa wamechimba kwa miezi. Mamia ya maelfu ya mabomu yalikuwa yamefukiwa ardhini, na kazi yake haikuwa kulipua tu; yalivisukuma vifaru kwenye njia ambazo mizinga ilikuwa imeshazipimia. Mzinga wa milimita 45 haukuweza kuutoboa uso wa kifaru cha Kijerumani cha Tiger, wenye chuma cha milimita 100. Ulichoweza ni kusubiri. Kifaru kikigeuza ubavu, au kikikatika mnyororo juu ya bomu, hapo ndipo palikuwa na kazi. Basi mizinga kadhaa iliwekwa chini ya kamanda mmoja, ikafichwa vizuri, na amri ikawa mtu asifyatue mpaka aambiwe, na akiambiwa, wote wapige kifaru kimoja. Wajerumani waliuita mpango huo Pakfront na waliuogopa. Anayefyatua mapema, hata akilenga sawasawa, amekwisha kuwaonyesha adui wote mahali alipo.

Kusubiri namna hiyo kuna gharama, na serikali ya Soviet iliijua. Kwa amri ya Julai 1942, kamanda wa mzinga na mlengaji wake walipewa rubo 500 kila mmoja kwa kila kifaru walichokiharibu, na wahudumu wengine wa mzinga rubo 200. Walivaa nembo ya mizinga miwili iliyopishana kwenye mkono wa kushoto. Askari wenyewe waliupa mzinga wa milimita 45 jina la utani la kuiaga nchi yao, utani wa watu wanaojua hesabu zao vizuri.

Bei ya kifaru ndiyo iliyowavutia Wajapani. Kampuni ya Intelligent Systems ilitoa Famicom Wars kwa ajili ya Nintendo mwaka 1988, na Septemba 2001 uzao wake, Advance Wars, ukaingia Marekani kwenye kifaa cha mkononi cha Game Boy Advance. Humu hakuna Tiger wala Panther. Kuna kifaru cha 7,000, kifaru kikubwa cha 16,000, mzinga wa masafa wa 6,000, askari wa bazuka wa 3,000, na askari wa kawaida wa 1,000. Rangi ni za pipi na makamanda wanatabasamu. Chini ya tabasamu kuna uhasibu usio na huruma.

Chukua pambano moja tu. Kifaru kizima kinamkabili askari wa kawaida. Uwandani kitamla sehemu kubwa, maana pigo lake la msingi kwa askari huyo ni asilimia 75. Mpandishe mlimani, ambako kifaru hakiwezi kumfuata, na pigo lile linashuka hadi asilimia 45 au zaidi kidogo. Anabaki na nusu ya nguvu zake, na kifaru kimeshasimama mahali ulipotaka kisimame. Sasa mzinga wako wa masafa, uliokaa vyumba viwili au vitatu nyuma, unakipiga kwa asilimia 70 kasoro kidogo, nacho hakiwezi kujibu. Askari wa bazuka anamalizia. Umepoteza noti chache za askari wa bei rahisi, mwenzako amepoteza 7,000. Rudia hivyo mara kadhaa na shambulio lote la vifaru linafilisika kabla halijafika makao yako.

Sekunde iko wapi hapa? Imefichwa ndani ya kanuni ya anayeanza. Katika Advance Wars anayepiga kwanza huupunguza nguvu mkono wa mwenzake kabla haujajibu, kwa hiyo ulinzi ni ufundi wa kumfanya adui amalize zamu yake hatua moja mbele ya mizinga yako. Kwenye ramani za ukungu ufundi huo unakuwa mtamu zaidi. Kifaru kikiingia msituni na kumgonga mtu wako aliyejificha, hakuna risasi inayolia. Kinasimama tu, mwendo wake umeishia pale, kikisubiri zamu yako. Dunnigan alimnyima mlinzi ile sekunde kwa bahati mbaya. Hawa wamemuuzia, na kwa bei nafuu.

Kinachonikera ni yule askari wa 1,000. Anapandishwa mlimani kuwa chambo, anapigwa, anabaki nusu, anapigwa tena, wala hakuna mahali popote katika mchezo anapositasita. Kila nikicheza naanza kumtumia kama sarafu, na mchezo unanipongeza. Labda ndiyo maana Nintendo yenyewe ilishtuka. Toleo jipya la Advance Wars 1+2 lilikuwa litoke Aprili 2022. Machi mwaka huo, Urusi ikiwa imekwisha kuivamia Ukraine, kampuni ikaliahirisha kwa sababu ya matukio ya dunia, na likatoka Aprili 2023. Vifaru vya rangi za pipi vilikuwa vimeanza kufanana na vya kwenye taarifa ya habari.

Huko huko Ukraine, katika mji wa Sievierodonetsk mkoani Luhansk, ilianzia studio ya Best Way. Mji huo majeshi ya Urusi yaliuteka Juni 2022. Studio ilikuwa imejipatia jina mapema kwa mchezo wa Soldiers: Heroes of World War II mwaka 2004, halafu Men of War mwaka 2009, na kwa mtu anayetaka kujua kuzuia vifaru kunavyochosha mwili, sijaona walimu bora kuliko hawa. Katika Men of War hakuna zamu. Kuna kitufe cha kumzuia askari asifyatue, na kuna uwezo wa kumshika askari mmoja, au mzinga mmoja, ukauendesha kwa mkono wako mwenyewe huku vita vingine vikiendelea bila wewe.

Kwenye mchezo, kazi yenyewe iko hivi. Una mzinga mmoja nyuma ya ua la banda. Wahudumu wake wanausukuma kwa mikono, na kuugeuza huchukua muda, kwa hiyo uelekeo wake lazima uamue kabla hujamwona adui. Umewazuia wasifyatue; usipofanya hivyo watampiga askari wa kwanza atakayetokea, na mahali penu patajulikana. Kifaru cha kwanza kinapita barabarani. Uso wake hautoboki. Unakiacha. Cha pili kinapita, unakiacha pia, na hapo mkono kwenye kipanya unaanza kutoka jasho, maana cha kwanza sasa kiko nyuma yako. Kinapogeuza ubavu unachagua kombora la kutoboa chuma, unalenga gurudumu la nyuma, unafyatua. Mnyororo unakatika. Kifaru kimesimama ila mzinga wake ungali mzima, na kichwa kinaanza kugeuka kukutafuta.

Kinachofuata ndicho kinachoutofautisha mchezo huu na ile miwili ya kwanza. Kifaru cha Men of War hakina namba moja ya uhai inayoshuka. Kina mnyororo, injini, mzinga, kichwa na watu. Watu hao wanaweza kufa ndani chuma kikiwa kizima. Wanaweza kutoka nje kutengeneza mnyororo, na ukiwa na askari wawili mtaroni watapigwa wakiwa wamepiga magoti kando ya gurudumu. Wanaweza pia kukikimbia. Basi askari wako wakakimbilia pale, wakakitengeneza, na baada ya muda kifaru kilichokuja kukumaliza kinalinda banda lako. Mwamerika angeandika jambo hilo kwenye kanuni ya kurasa mbili. Mjapani angelipangia bei. Best Way wameliacha litokee lenyewe kutokana na vitu vilivyopo uwanjani.

Lakini nao wana udhaifu wao, tena mkubwa. Ile sekunde wamekupa yote, na wewe ni mmoja. Ukiwa umeushika mzinga wa banda, mzinga wa kilimani unajiendesha, na unajiendesha kijinga. Kwa hiyo unakuwa mlengaji stadi kati ya watu wasiojua kazi, unaruka kutoka mwili huu kwenda mwili ule, na kila mwili unaouingia unapata ujasiri wako. Askari wa Men of War akiwa mikononi mwako hujitosa mbele ya kifaru na bomu la mkono bila kusita, kwa kuwa wewe, uliyekaa kitini, hutakufa.

Suala la woga lilijibiwa na wale wale walioanza vibaya. John Hill alitoa Squad Leader kupitia Avalon Hill mwaka 1977, na mwaka 1985 ikafuata Advanced Squad Leader, mchezo wenye kitabu cha kanuni kizito kiasi cha kutisha wageni. Katikati ya msitu wake wa kanuni kuna moja ninayoipenda kuliko zote. Askari wa miguu wakitaka kukivamia kifaru kwa karibu, hawaendi tu. Lazima kwanza wapimwe ari: dadu mbili zinarushwa, na jumla ikizidi kiwango chao, wanabaki pale pale walipo. Umewapanga vizuri, kifaru kimefika mdomoni mwa nyumba yao, mabomu wanayo, na wanakataa.

Wachezaji wengi hukasirika hapo. Mimi naona ni haki. Jeshi la Soviet liliwafundisha askari wake kukaa ndani ya mahandaki huku vifaru vya jeshi lao wenyewe vikipita juu ya vichwa vyao, kwa sababu makamanda walijua kwamba mtu asiyewahi kusikia ngurumo ile kwa karibu atatoka na kukimbia, na akitoka atakufa kwa bunduki za kifaru. Ujasiri huo ulipandwa kwa mazoezi. Hill na waliomfuata wameuweka kama namba iliyochapwa kwenye kipande cha kadi, na kikosi kilichozoea vita kina namba kubwa kuliko cha waliookotwa jana.

Mlinzi mzoefu wa mchezo huu hujifunza kulikwepa lile pimo. Hukiacha kifaru kipite, akakaa kimya, kisha akawafyatulia askari wanaokifuata kwa miguu. Wakishalala chini au kukimbia, kifaru kiko peke yake mtaani, na wahudumu wake wakifunga milango ya juu kwa kuogopa risasi, macho yao yanakuwa hafifu na kanuni inawatoza faini kwenye kila shabaha. Hapo ndipo kurusha dadu kunalipa. Kursk ilikuwa na mfano wake: Ferdinand, mashine ya Kijerumani ya tani 65 yenye chuma cha milimita 200 usoni, iliyoingia vitani Julai 1943 bila bunduki hata moja ya rashasha ya kumfukuza mtu aliyelala mtaroni. Nyingi zilikwama kwenye mabomu ya ardhini, na askari wa kuzilinda hawakuwepo tena. Zilizosalimika zilirudishwa kiwandani, zikafungwa rashasha mbele, zikapewa jina jipya la Elefant.