Akilala Mtu Kazini, Kosa ni la Nani?

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu, tafadhali andika maneno matatu ubaoni: zamu, uchovu, tume. Zamu ni wakati wa mtu kufanya kazi kabla ya kumpokeza mwenzake. Uchovu ni hali ya mwili na akili kuishiwa nguvu. Tume ni kundi la watu waliopewa mamlaka ya kuchunguza au kusimamia jambo.

Siku moja nilitembelea darasa la jioni. Mzee mmoja, mlinzi wa ghala, alisinzia juu ya kitabu chake, na wenzake wakamcheka. Alipoamka aliniambia, "Bwana Elimu, usinione mvivu. Usiku nimelinda, asubuhi nimelima, na sasa nimekuja kusoma. Mtu kama mimi akilala kazini, kosa ni la nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Leo nataka kumjibu mzee yule kwa historia. Historia hii inatoka Marekani, katika mitambo ya umeme wa nyuklia, ambao watu wengi zamani waliuita umeme wa atomu.

Kwanza tujue mtambo huo unafanyaje kazi. Ndani ya tanuri kuna madini ya urani. Chembe zake ndogo sana hupasuliwa, na zikipasuka hutoa joto kali. Joto hilo huchemsha maji, mvuke huzungusha mashine, na mashine hutoa umeme. Sasa sikilizeni vizuri. Tanuri hili halizimiki kama taa. Ni kama jiko la mkaa: hata ukiacha kulipepea, makaa hubaki na moto. Hata baada ya mtambo kusimamishwa, urani huendelea kutoa joto, na lazima maji yapite kulipoza. Maji yakikosekana, tanuri huyeyuka, na sumu yake isiyoonekana kwa macho yaweza kutoka nje. Kwa hiyo katika chumba cha kuongozea mtambo lazima wawepo watu macho usiku na mchana, Jumapili na sikukuu.

Tarehe 28 Machi 1979, yapata saa kumi alfajiri, taabu ilitokea katika mtambo wa Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Vali moja iliyofunguka ilikwama wazi, na maji yakawa yanatoka. Waendeshaji walidhani imefungwa. Waliona dalili zinazopingana, wakapunguza maji ya dharura badala ya kuyaacha yaingie. Karibu nusu ya moyo wa tanuri uliyeyuka. Wachunguzi walilaumu mafunzo duni, maongozi mabaya na chumba kilichopangwa vibaya. Hawakusema kwamba watu wale walilala. Lakini baada ya siku ile viongozi walitambua kwamba usalama wa mtambo hautegemei chuma peke yake. Unategemea pia kichwa cha mtu aliye macho alfajiri.

Mwaka 1982 Tume ya Marekani inayosimamia mitambo ya nyuklia ilitoa mwongozo. Ilisema mfanyakazi asizidi saa 16 mfululizo, wala saa 72 katika siku saba. Lakini mwongozo ule ulikuwa na mlango wa nyuma: mkubwa wa mtambo aliweza kutoa ruhusa mipaka ivukwe. Katika baadhi ya mitambo ruhusa hizo zikawa jambo la kila mara, kama mzazi anayekataza watoto kula sukari na huku ameacha kopo wazi mezani.

Sasa twende katika mtambo mwingine wa Pennsylvania, uitwao Peach Bottom, kando ya mto Susquehanna. Mwaka 1987 Tume ilipata habari kwamba waendeshaji walikuwa wakilala katika chumba cha kuongozea mtambo, na wengine wakicheza michezo ya video. Tarehe 31 Machi 1987 Tume iliamuru mtambo ufungwe. Wasikilizaji, angalieni jambo hili. Hakuna chuma kilichovunjika, wala bomba lililopasuka. Mtambo ulifungwa kwa sababu ya usingizi wa watu. Tena Tume haikusema ni kosa la waendeshaji tu. Ilisema wasimamizi walijua, au walipaswa kujua, na hawakuzuia.

Mwaka 1988 kampuni yenye mtambo ilitozwa faini ya dola 1,250,000, na waendeshaji nao wakatozwa faini mmoja mmoja. Mtambo haukuwashwa tena hadi mwaka 1989.

Katika miaka ile ile Marekani ilikuwa na hofu nyingine, yaani ulevi. Tarehe 4 Januari 1987 treni ya abiria iligonga injini za treni nyingine katika jimbo la Maryland, na watu 16 wakafa. Ilionekana kwamba dereva wa zile injini alikuwa amevuta bangi. Watu wakauliza: ikiwa dereva wa treni anaweza kuvuta bangi, je, mwendeshaji wa tanuri la nyuklia?

Basi mwaka 1989 Tume ilipitisha kanuni juu ya mtu kuwa katika hali ya kufaa kazi, na kanuni ikaanza kutumika Januari 1990. Kila mwenye ruhusa ya kuingia sehemu za ndani za mtambo alipaswa kupimwa mkojo kwa ajili ya bangi, kokaini, kasumba na vileo vingine, na kupimwa pombe pia. Alipimwa kabla ya kupewa ruhusa, na baadaye alipimwa kwa kuchaguliwa ghafula kama kwa kura, asijue siku wala saa. Mwanzoni idadi ya vipimo hivyo vya ghafula kwa mwaka ilipaswa kulingana na idadi yote ya wafanyakazi. Mwaka 1994 ilipunguzwa ikawa nusu.

Baadhi ya wafanyakazi walinung'unika. Walisema, "Sisi si wezi. Kwa nini tutoe mkojo kila tunapoitwa?" Neno lao lilikuwa na uzito, kwa maana mwili wa mtu ni heshima yake. Ndiyo sababu kanuni iliweka kinga. Kipimo cha kwanza hakitoshi kumhukumu mtu. Lazima kipimo cha pili, kilicho hakika zaidi, kifanywe katika maabara. Kisha daktari huzungumza na mwenyewe, maana huenda ametumia dawa aliyoandikiwa hospitali. Akionekana na kosa mara ya kwanza, huondolewa kazini si chini ya siku 14 na hutafutiwa msaada. Kwa kanuni za sasa, akirudia mara ya pili huzuiwa miaka mitano; na anayejaribu kudanganya kipimo huzuiwa daima. Pombe nayo hairuhusiwi kwa saa tano kabla ya zamu.

Mwalimu, hapa simamisha kidogo, uwaulize wanafunzi: Je, kanuni hii ilitibu ugonjwa uliofunga Peach Bottom?

Naam, tuendelee. Jibu ni kwamba haikuutibu. Watu wa Peach Bottom walikutwa na usingizi, si na bangi. Kanuni ya 1989 iliutaja uchovu, lakini haikuuwekea mipaka ya saa. Kwa pombe iliweka kipimo. Kwa bangi iliweka kipimo. Kwa uchovu uliachwa mwongozo ule wa zamani wenye mlango wa nyuma.

Kwa nini? Nawapeni maoni yangu, nanyi mtayapima. Ulevi ni kosa ambalo mfanyakazi hulileta kutoka nyumbani, na ni rahisi kumnyoshea mtu mmoja kidole. Uchovu mara nyingi huzaliwa kazini penyewe, katika orodha ya zamu iliyopangwa na mkubwa. Kuuondoa uchovu ni kuajiri watu zaidi, na kuajiri ni fedha.

Sayansi ndiyo iliyofichua jambo hili waziwazi. Mwaka 1997 wataalamu wa Australia walichapisha majaribio yao. Waliwaweka watu macho muda mrefu, na wakati mwingine wakawapa pombe, kisha wakalinganisha kazi ya mikono na macho yao. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Aliyekaa macho saa 24 hufanya kama mwenye asilimia 0.10. Sasa, katika mitambo ya nyuklia ya Marekani pombe ya asilimia 0.04 humtoa mtu kazini. Fanyeni hesabu wenyewe. Mlevi kidogo alirudishwa nyumbani, lakini mchovu aliyekuwa vibaya kuliko yeye aliambiwa, "Endelea mpaka mwenzako afike." Na mlevi hunuka pombe, bali mchovu hanuki kitu. Mara nyingi hata mwenyewe hajui jinsi alivyolemewa.

Mwaka 1999 mwendeshaji mmoja wa mitambo hiyo alichukua kalamu akaiandikia Tume maombi rasmi kwamba saa za kazi ziwekewe mipaka ya sheria. Hakuwa waziri wala mbunge. Alikuwa mtu wa zamu. Shauri lilichukua miaka. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, walinzi wa mitambo walifanya kazi saa nyingi mno, na mwaka 2003 Tume ikaweka mipaka kwa walinzi kwanza.

Hata hivyo habari haikwisha. Machi 2007 Tume ilipata barua ikisema kwamba walinzi wanalala. Wapi? Pale pale Peach Bottom! Tume iliiachia kampuni ichunguze, nayo ikajibu kwamba haikuona ushahidi. Kumbe mlinzi mmoja alikuwa amewapiga picha za video wenzake wakilala katika chumba cha kungojea. Septemba 2007 picha hizo zikaonyeshwa katika televisheni, na dunia ikaona. Kampuni iliyowaajiri walinzi hao ikapoteza kazi ile. Hapa tunajifunza kwamba mipaka ya saa peke yake haitoshi, kama anayesema kweli hasikilizwi.

Mwaka 2008 Tume ilitangaza kanuni mpya, na mitambo ikapewa hadi Oktoba 2009 kuitimiza kwa upande wa uchovu. Andikeni: si zaidi ya saa 16 za kazi katika saa 24, si zaidi ya saa 26 katika saa 48, si zaidi ya saa 72 katika siku saba. Kati ya zamu na zamu, mapumziko ya saa 10 kwa kawaida. Na katika kila siku tisa, mapumziko ya saa 34 mfululizo. Ruhusa ya kuvuka mipaka imebanwa sana. Tena mfanyakazi ana haki ya kusema, "Nimechoka, siwezi kufanya kazi hii kwa usalama," na msimamizi lazima ampime hali yake. Toka maombi ya yule mwendeshaji mpaka hapo ni miaka kumi.

Sasa namrudia mzee wangu, mlinzi wa ghala. Mzee, ukilewa ukaenda kulinda, kosa ni lako, na historia haikutetei. Ukitumia mapumziko yako yote kwa mambo mengine, sehemu ya kosa ni yako, nami nikikupangia somo saa mbaya, sehemu ni yangu. Lakini anayekupangia usiku baada ya usiku bila siku ya kupumzika, naye ana fungu lake, hata kama analala kitandani kwake wakati ghala linapoibiwa. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Swali lako limetufundisha sote. Nami nimekwisha mwomba mwalimu wako alisogeze darasa lenu mbele, upate saa mbili za kulala kabla ya zamu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini tanuri la nyuklia haliwezi kuachwa bila mtu macho, hata baada ya kusimamishwa?
2. Peach Bottom ilifungwa mwaka gani, na kwa sababu gani?
3. Je, ni haki kumpima mtu mkojo kazini? Kinga gani zinahitajiwa?
4. Katika kazi zenu, kama udereva, ulinzi au uuguzi, ni nani hupanga zamu? Je, mchovu anaweza kusema "nimechoka" bila kuogopa?