Umesomea Stima? Hizi Hapa Bodi na Vyama Zenye Zitakutoa Campo Hadi Saiti

Kuna wasee wamesota campo miaka mitano wakisomea uhandisi wa umeme, wakavaa gauni, wakapigwa picha na wazazi, halafu wakaingia soko na kupata digrii peke yake haiwaruhusu kujiita "Eng." Kuna wengine nao walijifunzia stima mtaani. Mikono iko fiti kabisa, lakini tenda kubwa zinawapita juu hawana karatasi. Shida yao ni moja: hakuna mtu aliwapea rada mapema kuhusu nani anapeana nini. Basi rada ndiyo hii.

Bodi si chama

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Bodi imewekwa na sheria, na ndiyo inakupa ruhusa ya kufanya kazi. Chama ni cha wanataaluma wenyewe, na kinakupa watu, mafunzo na sauti. Ukilipa ada ya chama ukidhani tayari una leseni, umejichocha. Ukikaa na leseni bila kujuana na mtu kwenye fani, utangoja simu hadi uchoke.

EBK: hapa ndipo "Eng." inatoka

Engineers Board of Kenya iko chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, na ilichukua nafasi ya bodi ya zamani ya usajili. Ngazi zake ni tatu. Ukimaliza digrii unajiandikisha kama mhandisi mhitimu. Baada ya uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3 na kupita mtihani wa kitaaluma, unakuwa mhandisi kamili. Juu kabisa kuna mhandisi mshauri, yule mwenye anaitwa akishakaa kwenye fani yake muda wa kutosha.

Piga hesabu: miaka 5 ya shule, jumlisha 3 ya kazi. Hiyo ni miaka 8 kabla uandike "Eng." mbele ya jina lako kihalali. Kufanya kazi ya uhandisi bila usajili ni kosa kisheria, kwa hivyo ile "Eng." yenye umeweka kwenye bio kabla ya wakati, itoe tu.

Ile miaka 3 ya kazi pia haihesabiki kwa mdomo. Anza kuandika tangu siku ya kwanza: ulifanya mradi gani, sehemu yako ilikuwa ipi, nani alikusimamia. Wasee wengi hukwama hapa kwa sababu wanajaribu kukumbuka kazi za miaka mitatu kwa wikendi moja, na bosi mwenye angewasainia alishahama kampuni.

Angalia kozi kabla ulipe fees

Hii nayo ni noma. Si kila kozi yenye jina la uhandisi imetambuliwa na EBK. Zaidi ya wahitimu 100 waliwahi kuishtaki bodi iliyokuwepo kabla ya EBK baada ya kukataliwa usajili, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, yenye ilitoa uamuzi 2018. Fikiria umesoma, mzazi ameuza ng'ombe, halafu unakaa miaka ukizunguka kortini badala ya kuwa saiti.

EBK huweka orodha ya kozi zilizotambuliwa kwenye tovuti yake. Usiangalie jina la chuo tu, angalia kozi yenyewe. Chuo kimoja kinaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi uliotambuliwa na ule wa umeme bado. Kama una mdogo wako yuko Form Four na anaota kuwa injinia, mtumie hii leo.

IEK: chama cha wahandisi

Institution of Engineers of Kenya ni chama cha wahandisi wa kila aina, si wa stima pekee. Mizizi yake ni ya 1945, wakati kilikuwa chama cha Afrika Mashariki nzima. Kuna uanachama wa wanafunzi, wa wahitimu, na ule kamili. Huo uanachama kamili si wa kupuuza, kwa sababu sheria inautaka kabla EBK ikusajili kama mhandisi kamili. Ndiyo maana ni poa kuingia ukiwa bado mwanafunzi. Utahudhuria mikutano, utakaa meza moja na watu wenye wanaandika wafanyakazi, na utajua mtihani unakaa aje kabla siku yako ifike.

Huna digrii? Bado kuna mlango

Diploma si kufeli maisha. Tangu 2016 kuna sheria ya kuwasajili wanateknolojia na mafundi sanifu wa uhandisi, kupitia bodi inaitwa KETRB. Kama ulisoma politekniki, hapo ndipo kwako, na mwajiri mwenye anataka karatasi ya usajili atakusikiza.

NITA nayo inasimamia mitihani ya ufundi, kuanzia Gredi III, unapanda II hadi I. Huyu ndiye rafiki wa msee alijifunza kazi kwa kushikia fundi tochi. Ujuzi unao, kilichobaki ni kuuonyesha mbele ya mtahini. Pia kama unatafuta atachi, anza kuuliza mambo ya NITA mapema, si wiki moja kabla shule ifungwe.

Halafu kuna chuo cha Kenya Power kule Ruaraka, Institute of Energy Studies and Research. Kwa mtu anataka kujua laini, transfoma na mita kwa mikono, hapo ni karibu na kazi yenyewe.

EPRA: bila hii usiguse nyumba ya mtu

Iwe una digrii, diploma ama gredi, ukitaka kufanya wayaringi kihalali unahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Leseni zimepangwa kwa madaraja. Yale ya chini, C-2 na C-1, ni ya kazi ndogo. B iko katikati, na A iko juu kwa mitambo mikubwa. Unaanza chini, unapanda kadiri elimu na uzoefu vinavyoongezeka. Hata stima ikitaka kuunganishwa kwa nyumba mpya, Kenya Power huitisha cheti cha wayaringi kilichosainiwa na mwenye leseni.

Sola ina zake. Kanuni za 2012 ziliweka T1 kwa mifumo midogo, T2 ya kati, na T3 kwa mifumo mikubwa pamoja na ile imeunganishwa na gridi. Strathmore Energy Research Centre ni moja ya sehemu zenye hufunza hizo kozi. Na kwa vile kila paa mtaani siku hizi linataka paneli, T3 ni ya kufikiria hata kama una digrii.

Hii leseni si mambo ya makaratasi tu. Wayaringi mbovu huchoma nyumba na watu ndani.

Vyama vya kimataifa

IEEE ilizaliwa 1963, vyama viwili vya Marekani vilipoungana, cha zamani kikiwa cha 1884. Kenya ina tawi lake, na vyuo kadhaa vina vikundi vya wanafunzi. Ada ya mwanafunzi iko chini ya ile ya kawaida, na inakupa jarida la Spectrum, mashindano, na watu wa fani yako kutoka pande zote. IET ya Uingereza, yenye historia ya kuanzia 1871, ndiyo hutoa kanuni za wayaringi za BS 7671 pamoja na BSI. Kumbuka tu: kadi ya hivi vyama inapendeza kwa CV, lakini haichukui nafasi ya EBK wala EPRA.

Kazi ziko wapi?

Jua nani anafanya nini kabla utume CV. KenGen inazalisha stima, kutoka mvuke wa Olkaria hadi mabwawa ya mto Tana. KETRACO inajenga laini kubwa. Kenya Power inasambaza hadi kwako. REREC inashughulikia mashinani. Kampuni binafsi nazo zipo, kama ile ya upepo ya Lake Turkana kule Marsabit yenye mitambo 365. Angalia tovuti zao moja kwa moja, na magazeti pia. Mtu akikuitisha "ya chai" kwa M-Pesa ndio upate intavyu, huyo ni tapeli, mpige bloku.

Ujipange hivi

Ukiwa campo: hakikisha kozi imetambuliwa, ingia IEK ama IEEE kama mwanafunzi, tafuta atachi mapema. Ukimaliza: jiandikishe EBK ama KETRB mwaka huohuo, omba leseni ya EPRA ya daraja lako, na uanze kuandika kila kazi unafanya. Ukiwa mtaani bila cheti: anza na mtihani wa NITA, halafu EPRA.

Na wewe mwenye nyumba, kabla fundi afungue bodi ya stima, muitishe leseni. EPRA ina orodha ya wenye leseni, na kuangalia jina ni dakika chache tu.