Motokaa ya Vipande: Kutoka London hadi Changamwe

Ewe msomaji, ukivuka Makupa kutoka kisiwani Mombasa na kuelekea Changamwe, utapishana na malori yaliyobeba makasha ya bandarini. Kasha moja lina mchele, la pili lina mitumba; na la tatu, ambalo kwa nje halina tofauti na wenziwe, huenda likawa na motokaa. Lakini usidhani kwamba ukilifungua utaikuta motokaa imesimama juu ya magurudumu yake. Utakuta milango imepangwa kama sahani kabatini, injini imefungwa peke yake, na usukani uko mbali na kiti cha dereva. Hiyo ndiyo motokaa ya vipande. Nataka kukueleza ilianzaje, na kwa nini mtu akubali kununua kitu ambacho hakijakamilika.

Mwaka 1948, huko London, kijana mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi, jina lake Colin Chapman, alichukua motokaa kuukuu ya Austin Seven akaibomoa na kuijenga upya katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya kina mchumba wake. Hakuwa na fedha za kununua motokaa ya mashindano, basi akajitengenezea. Baadaye alianzisha kampuni ya Lotus, na mwaka 1957 ikatoa motokaa ndogo iitwayo Lotus Seven. Kiunzi chake kilikuwa cha mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, kikavikwa mabati mepesi ya aluminiamu. Milango haikuwa nayo, na uzito wake haukufika kilo 500.

Wewe usomaye fizikia utaifahamu siri yake mara moja. Nguvu ya injini ikiwa ni ile ile, na uzito ukapunguzwa nusu, mchapuko huongezeka mara mbili. Kwa hiyo injini ndogo ya motokaa ya kawaida, ambayo ndani ya gari zito ingekuwa ikikokota tu, iliweza kuirusha Seven mbele ya magari ya matajiri. Na kitu chepesi hutumia chuma kidogo, na chuma kidogo ni gharama ndogo.

Hata hivyo, si wepesi uliowafanya Waingereza wengi waijenge Seven kwa mikono yao. Sababu ilikuwa kodi. Serikali yao ilitoza kodi ya ununuzi juu ya motokaa iliyokamilika, lakini aliyenunua vipande akaviunga mwenyewe hakuilipa. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba vipande visiuzwe pamoja na maelezo ya kuunganisha. Yasimuliwa kwamba watu wa Lotus waliandika maelezo ya kuifungua motokaa, na mnunuzi akayafuata kutoka mwisho hadi mwanzo! Mchezo huo ulikoma Aprili 1973, kodi ile ilipoondolewa na mahali pake ikawekwa nyingine iliyogusa vipande pia. Mwaka huo huo Lotus iliuza haki za Seven kwa kampuni ya Caterham.

Waliobaki bila fedha hawakukata tamaa. Mwaka 1996 Ron Champion, aliyekuwa mwalimu katika shule ya Oundle, alitoa kitabu cha kufundisha jinsi ya kujenga motokaa ya namna ile kwa pauni 250. Mpango wake ulikuwa rahisi: nunua Ford Escort iliyochakaa, toa injini, giaboksi, ekseli na breki, kisha jenga kiunzi kipya cha chuma uvipachike humo. Wengi walifuata mpango huo katika mabanda yao, na waalimu wakaufanya pamoja na wanafunzi.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, karibu motokaa zote ziliingia nchini zikiwa zimekamilika, na fedha za kigeni zikatoka kwa wingi. Katika miaka ya 1970 serikali ilishirikiana na wageni kujenga viwanda vitatu vya kuunganisha: Leyland mjini Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers hapa Mombasa, upande wa bara. Hiki cha kwetu kilianzishwa mwaka 1975, serikali ikiwa pamoja na makampuni ya Lonrho na Inchcape. Pikapu nyingi za Peugeot 504 zilizokimbia katika barabara zetu zilizaliwa humo.

Je, umeona kwamba mkono uliovunja motokaa vipande ni ule ule? Ni ushuru. Katika Afrika Mashariki vipande vya kuunganisha haviutozwi ushuru wa forodha, ilhali motokaa iliyokamilika ilitozwa asilimia 25 kwa miaka mingi, na Kenya ikapandisha kuwa 35 mwaka 2023. Lakini ukuta huo haukutosha. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, motokaa zilizotumika kutoka Japani zilimiminika Kilindini, na viwanda vyote vitatu vikakosa kazi ya kutosha.

Mimi naona kuunganisha si sawa na kutengeneza. Fundi wa Changamwe alijifunza kuchomelea na kupaka rangi kwa ustadi, lakini kipimo cha kila kipande kilikwisha kuamuliwa ng'ambo. Serikali nayo iliuona upungufu huo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde motokaa ya Kenya, na mwaka 1990 motokaa tano za Nyayo Pioneer zikaonyeshwa hadharani. Ziliweza kwenda kilomita 120 kwa saa. Hata injini ilitengenezwa nchini, jambo ambalo mpaka leo lanistaajabisha. Lakini fedha za kuzitengeneza kwa wingi hazikupatikana, na karakana zile zikageuzwa kutengeneza vipuri.

Basi kiwanda kimoja kilipokea kila kitu, na mradi mwingine ukataka kutengeneza kila kitu. Chapman na Champion walipita katikati: sehemu ngumu waliitwaa kwa mwingine, wakajenga kiunzi tu.

Tena njia hiyo si ngeni kwetu. Utazame mkokoteni wa hamali auzaye maji mitaani Kisauni au Likoni. Ekseli yake imetoka katika motokaa iliyokufa, pamoja na magurudumu na mipira. Fundi ameongeza mbao na misumari. Ni mpango wa Champion kabisa, ila injini yake ni miguu ya hamali, na hapo ndipo wepesi unapotakiwa zaidi kuliko katika Lotus. Siku moja mwombe ruhusa akishautua mzigo. Piga magoti utazame ekseli ilivyofungwa kwenye mbao, upime umbali kutoka gurudumu hadi gurudumu, kisha uulize ilitoka katika motokaa ya aina gani. Mara nyingi atakujibu.